GESI YA AC SIYO PETROLI!

Wadau, leo naomba niwakwaze kidogo mafundi wetu, na sisi wateja wao pia.

Hapa Singida mjini ukiingia gereji ukasema AC haipoozi, jibu unalijua kabla hujazima injini: "Bosi, gesi imeisha, tujaze tu." Unalipa, unaondoka unapulizwa baridi mpaka raha. Wiki chache baadaye joto limerudi palepale. Mimi nimejaza mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kila mara shilingi 60,000, na sikuuliza kitu. Mwandishi wa habari mzima, kazi yangu kuuliza maswali!

Swali lenyewe jepesi tu: imeisha, imekwenda wapi?

Gesi ya AC haiunguzwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inatoa joto lake nje, kisha inapanuka, inapoa na kunyonya joto la ndani ya gari, halafu inarudi kompresa. Ikipungua ndani ya wiki chache, kuna tundu. Kujaza bila kutafuta tundu ni kumimina maji kwenye ndoo iliyotoboka, halafu unamdai mwenye ndoo hela ya maji.

Safari ya nne sikwenda gereji. Jumapili nikafungua boneti mwenyewe nyumbani. Na wewe unaweza: washa injini, washa AC, tazama kompresa. Ukisikia "ta!" na uso wake ukaanza kuzunguka, klachi inashika. Isiposhika, kagua fyuzi na rilei. Vikiwa vizima, huenda gesi imepungua mpaka swichi ya presha imeizuia kompresa. Tazama kama feni inazunguka. Kondensa ikizibwa na vumbi, na kwa upepo wetu huu itazibwa tu, ioshe kwa maji ya taratibu. Kisha fuata mabomba kiungio kwa kiungio. Ukiona doa la oili lililoshika vumbi, umempata mwizi, maana gesi hutoka na oili ya kompresa. Wangu alikuwa oringi moja, kimpira kidogo kuliko pete ya ndoa!

Hapo ishia. Usifungue bomba, gesi ikikurukia machoni inagandisha na inaweza kukupofusha. Na anayekushawishi ujaze gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi, mkimbie: ikivujia ndani ya gari, inasubiri cheche moja. Fundi ndiye abadilishe oringi, avute hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, ndipo ajaze kwa kipimo.

Mtasema AC ni anasa, fungua kioo. Sawa, lakini tayari tunalipia. Tena gesi ya R134a iliyomo kwenye magari yetu mengi, kilo moja ikivuja inaipasha dunia joto kuliko kilo 1,000 za hewa ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana Kigali, hapo jirani, kupunguza gesi za jamii hiyo. Sisi tunazimwaga angani na risiti juu.

Fundi anayeanza kwa kutafuta tundu, mlipe vizuri na umsifu kwa wenzako. Anayekimbilia mtungi, muulize imekwenda wapi. Akibabaika, geuza gari.

Naomba kutoa hoja.