Katriji ni wino au kipuri? Mkwanja uko hapo!

Leo nazungumza na washikaji wa steshenari, wale wanaoagiza katriji za printa Dubai au Guangzhou, halafu mzigo ukitua bandarini wanaanza kushika kichwa.

Jamani, forodha hawana habari na jina tamu lililoandikwa kwenye boksi. Wao wanatafuta namba. Nchi nyingi duniani zinatumia orodha moja ya bidhaa, ile ya Shirika la Forodha Duniani la kule Brussels, iliyoanza kazi 1988. Kila bidhaa ina tarakimu sita, nasi Afrika Mashariki tunaongeza mbili. Wino wa kuchapia uko 3215. Unga wa tona, 3707. Printa na vipuri vyake, 8443 (kabla ya 2007 printa za kompyuta zilikaa 8471, kwa hiyo ukikuta makaratasi ya zamani usichanganyikiwe).

Sasa katriji ni plastiki yenye wino ndani. Tuiite wino au kipuri? Usicheke, watu wamepelekana mahakamani kwa swali hilo hilo! Ujerumani, kampuni ya Turbon International ilidai kuwa katriji zake za printa za Epson Stylus Color ni vipuri. Wakati huo vipuri vya kompyuta vilikuwa vinapita bure, wino unalipiwa. Umeona dili lilipo? Februari 2002 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema: huo ni wino. Katriji hazikuwa na kichwa cha kuchapia, ni kopo na sponji tu, na printa haizihitaji ili mitambo na umeme wake vifanye kazi. Shauri la aina hiyo likarudi 2006, jibu likawa lile lile. Duh!

Lakini katriji yenye kichwa chake cha kuchapia, au ya tona yenye dramu na gia zinazozunguka, hiyo ina hoja nzito ya kuitwa kipuri.

Piga hesabu mwenyewe. Tangu Julai 2022 viwango vya ushuru wa pamoja Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Mzigo wa shilingi milioni 10 ukiangukia sifuri, umepona. Ukiangukia 10, milioni imeondoka, na VAT ya asilimia 18 inapigwa na juu ya hiyo milioni, yaani laki moja na elfu themanini nyingine.

Kwa hiyo invoisi isiandikwe “vifaa vya kompyuta” basi. Iseme kama ni ya wino au tona, ina kichwa au dramu, inaingia printa gani. Ukiwa na wasiwasi, omba TRA uamuzi wa maandishi kabla hujatuma hela China. Na yule ajenti anayekwambia “niachie mimi bosi, tutaipitisha kama vipuri”, muulize kwanza: wakikagua, jina la nani liko kwenye makaratasi?