Siku Redio ya Baba Iliponyamaza

Juma lililopita nilikuwa nikipanga stoo ya nyumba yetu hapa Ruiru nikakutana na redio ya marehemu baba, Sanyo ya betri nne, ingali imefunikwa kitambaa alichofuma mama. Mwanangu akaniuliza tundu la kuchajia liko wapi.

Msomaji mpendwa, ikiwa ulilelewa miaka ya tisini katika nyumba isiyo na stima, kama yetu ya Thika, wajua redio haikufunguliwa ovyo. Ilikuwa na saa zake: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, na Jumapili “Je, Huu ni Ungwana?”, kipindi alichokianzisha Leonard Mambo Mbotela mwaka wa 1966. (Mzee huyo alituaga Februari 2025.) Kisha kimya, kwani betri zilikuwa ghali. Zikilegea tulizianika juu ya bati; wengine waliziuma kwa meno, sijui nani aliwafunza! Zilifufuka siku mbili tatu. Nyingi zilikuwa Eveready za Nakuru, kabla kiwanda kile kufungwa mwaka wa 2014.

Jumamosi moja, nikiwa na miaka kumi, niliachwa nyumbani peke yangu. Redioni kulikuwa na mpira, Gor Mahia na nani sikumbuki tena. Nilisikiliza mechi yote, nikaongeza muziki, kisha nikairudisha redio chini ya kitambaa chake kama mwizi aliyetubu.

Usiku baba alipoifungua ilikoroma kidogo, ikazimika. Pesa za betri mpya zilikuwa za mwisho wa wiki.

Usiku huo huo lilisomwa tangazo la kifo cha ami yake wa Murang'a, mzee aliyemlipia karo. Simu hatukuwa nayo, na jamaa walijua kwamba baba hakosi matangazo. Habari alizipata Alhamisi kituoni cha matatu, kwa mtu aliyetoka mazishini.

Sikuchapwa. Baba hakuuliza hata swali. Lakini Jumapili, betri mpya zikiwa ndani, Mbotela alipouliza swali lake la kila wiki, baba aliinuka, akaongeza sauti, akaketi tena akinitazama. Chai yangu ilipoa kikombeni.

Nimenunua betri nne. Redio yakoroma, lakini yasema. Mwanangu alitaka kutafuta mpira, nikamruhusu hadi saa ya taarifa ya habari.