Kisulisuli cha Angani na Wajibu wa Wanaistilahi

Mnamo Desemba 2019, Umoja wa Kimataifa wa Falaki, ukiadhimisha miaka 100 tangu kuundwa kwake, ulitangaza majina mapya ya nyota na sayari za mbali yaliyopendekezwa na mataifa mbalimbali. Kenya ilikuwa imepewa nyota iliyojulikana kwa tarakimu tu, HD 83443, pamoja na sayari inayoizunguka kwa muda wa siku 3 hivi. Nyota ikaitwa Kalausi. Sayari ikaitwa Buru. Kwa msemaji wa Dholuo majina hayo hayahitaji kamusi. Kalausi ni upepo mkali unaozunguka na kupanda juu kama nguzo, na buru ni vumbi. Aliyesimama katika uwanja mkavu nje ya Kisumu wakati wa kiangazi ameviona vyote viwili vikipita pamoja.

Majina hayo ni ya nyota moja na sayari moja tu. Hata hivyo, mzunguko na vumbi ndiyo mambo mawili yanayowashughulisha sana wachunguzi wa galaksi za kale. Mwaka 2021, Takafumi Tsukui na Satoru Iguchi wa Japani walieleza kuwa wameona umbo la mzunguko katika galaksi BRI 1335-0417, ambayo nuru yake imesafiri miaka bilioni 12.4 kabla ya kufika duniani. Kwa kuwa ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi, galaksi hiyo ilikwisha kujipanga ulimwengu ungali mchanga.

Galaksi hiyo imegubikwa na vumbi, na vumbi humeza nuru ya nyota. Lakini vumbi lililomeza nuru hupata joto, na joto hilo hutoka tena katika mawimbi marefu yasiyoonekana kwa macho. Makaa yaliyofunikwa na majivu jikoni hayaonekani, ila mkono ukikaribia huyatambua. Ndivyo antena 66 za mtambo wa ALMA, katika jangwa la Atacama nchini Chile, zinavyopokea kile ambacho darubini ya kawaida haikioni. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, nayo hutumia nuru iliyo ng'ambo ya wekundu, ambayo hupenya vumbi kuliko nuru ya kawaida.

Mwanafunzi wa Kiswahili atauliza yote haya yanamhusu nini. Jibu limo katika tukio la mwaka 2025. Watafiti wa India, Rashi Jain na Yogesh Wadadekar, walipoitambua galaksi nyingine ya kale yenye mikono ya mzunguko kupitia darubini ya Webb, waliiita Alaknanda, jina la mto wa Himalaya. Mto pacha wake ni Mandakini, na Mandakini ni jina la Kihindi la galaksi ambamo dunia imo. Watafiti hao hawakukopa jina. Walitazama nyumbani kwanza.

Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuitaja galaksi ya aina hiyo hushawishika kuandika "spairali" na kuendelea na safari. Mazoea hayo yafaa kukomeshwa. Wanaistilahi wamefundisha kwa muda mrefu kwamba neno litafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, kabla ya kubisha hodi ughaibuni. Kiswahili kina kisulisuli. Dholuo ina kalausi. "Galaksi ya kisulisuli" ni istilahi inayoeleweka papo hapo. Mtoto wa Dunga au Homa Bay aliyekikimbia kisulisuli utotoni huambiwa darasani "spairali", akadhani anafundishwa jambo asilowahi kuliona.

Mwanafizikia atapinga, na pingamizi lake lina uzito. Katika kisulisuli, vumbi huchukuliwa na upepo uo huo. Katika galaksi nyingi, kwa mujibu wa nadharia iliyotolewa na Lin na Shu mwaka 1964, mikono ni wimbi la msongamano: nyota huingia na kutoka, mkono ukabaki. Ni kama msongamano wa magari Kondele jioni. Magari hupita, msongamano haupiti. Je, istilahi haitapotosha? Haitapotosha iwapo itafahamika kwamba inataja umbo, wala si chanzo cha umbo. Hata "mkono" wa galaksi hauna vidole. Hata hivyo, onyo la mwanafizikia sharti liingizwe katika fasili ya kamusi, na hapo ndipo mwanaisimu asipoweza kufanya kazi peke yake.

Kazi hiyo ingeweza kuanzia Maseno, ambako Ikweta hupita na anga ya kaskazini na ya kusini huonekana zote mbili. Wanafunzi wa Kiswahili na wa fizikia wakae meza moja, waandike orodha ya istilahi 50 za falaki, kila moja na fasili yake, kisha waipeleke orodha hiyo katika shule za pwani ya ziwa ijaribiwe na walimu. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuamuru lugha za wananchi ziendelezwe. Utekelezaji hauwezi kuachiwa sherehe za kila mwaka. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kalausi imekwisha kufika angani. Iliyobaki ni kamusi kuifuata.