Sukari Iliyovaa Kanzu ya Afya

Mwaka jana nilikuwa Nyamisati, wilayani Kibiti, nikisubiri maji yajae ili boti iweze kuingia deltani. Karibu yangu aliketi bibi mmoja aliyekuwa akirejea kijijini na mjukuu wake wa kiasi cha miaka minne. Walikuwa wametoka kliniki. Mtoto alishika chupa ya juisi yenye picha ya embe lililokatwa. Kapuni mwa bibi kulikuwa na pakiti ya biskuti iliyochorwa shuke la ngano, tone la asali na moyo mwekundu. Baada ya kumwamkia, nilimtania kwamba mjukuu anadekezwa. Alinijibu kwa utulivu: "Simdekezi, mwanangu. Mtoto huyu dhaifu. Hivi vina vitamini, vimeandikwa. Na maji ya kwetu yana chumvi."

Nikaomba kuvitazama. Orodha ya viambato ilikuwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo zilizonilazimu kuvaa miwani. Juisi ilikuwa na gramu 12 za sukari katika kila mililita 100, na chupa ilikuwa ya mililita 300: jumla gramu 36. Biskuti zilikuwa na gramu 28 katika kila gramu 100, na pakiti ilikuwa ya gramu 50: jumla gramu 14. Kwa pamoja ni gramu 50, yaani takriban vijiko kumi na viwili na nusu vya chai.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu huipata kwa siku kutokana na chakula, na kwamba ingefaa zaidi ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 10 ni kama gramu 50. Hivyo mtoto yule alikuwa amenunuliwa, kwa jina la vitamini, ukomo wa siku nzima wa mtu mzima. Nilirudisha vifungashio kapuni, nikanyamaza. Ukimya ule umenisumbua tangu siku hiyo, na ndio ulionisukuma kuandika makala haya.

Msomaji anaweza kudhani kwamba tatizo ni ujinga wa bibi wa deltani. Naomba nikiri jambo. Biskuti za namna ileile zilikuwa kwenye kabati la jikoni kwangu Dar es Salaam. Nilizinunua mwenyewe, kwa sababu ya lile shuke na ule moyo. Shahada ya uzamivu haikunisaidia kitu, kwa kuwa sikuwahi kuipindua pakiti. Tunapoona msomi na asiyesoma wakinaswa na mtego mmoja, tuache kuwachunguza walionaswa na tumtazame aliyetega. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti.

Mtego wenyewe una kanuni zake. Viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kuanzia kilicho kingi zaidi. Mtengenezaji asiyetaka sukari ionekane mwanzoni anaweza kuigawa katika majina kadhaa: sukrozi, glukozi, fruktozi, sharubati ya mahindi, asali, juisi ya matunda iliyokolezwa. Kila jina likisimama peke yake huonekana dogo, na unga unabaki kileleni. Kisha kuna lile tamko la "haijaongezwa sukari". Linaweza kuwa kweli kwa maana ya neno, huku kinywaji kikiwa kimetiwa utamu kwa juisi iliyokolezwa. Mwongozo wa mwaka 2015 haukubabaishwa na ujanja huo: sukari iliyomo katika asali, sharubati na juisi huhesabiwa kuwa sukari huru, sawa na ile ya mfukoni. Embe zima lililoliwa kwa meno halimo katika hesabu hiyo.

Wala jambo hili haliishii kwa wafanyabiashara wadogo. Aprili 2024 asasi ya Uswisi iitwayo Public Eye, pamoja na mtandao wa IBFAN, ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa vyakula vya watoto wachanga vya kampuni ya Nestlé. Uji wa nafaka wenye ladha ya biskuti, unaouzwa kwa watoto wa kuanzia miezi sita, haukuwa na sukari iliyoongezwa nchini Uswisi. Senegali na Afrika Kusini ulikuwa na gramu 6 kwa kila mlo. Kampuni ilijitetea kwamba inafuata sheria za kila nchi na kwamba imekuwa ikipunguza sukari. Utetezi huo unapaswa kutuamsha kuliko tuhuma yenyewe. Ikiwa kiasi cha sukari katika uji wa mtoto kinafuata sheria ya nchi aliyozaliwa, basi swali linawaelekea watunga sheria wetu.

Nasi tunazungumzia nini kuhusu sukari? Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, bei ya kilo ikapanda hadi kupita shilingi 4,000 katika maeneo mengi, na Bunge likawaka moto. Tulijadili uhaba, vibali na waagizaji. Haki ya mwananchi kupata sukari kwa bei nafuu ina watetezi wengi. Haki yake ya kujua sukari iliyofichwa katika chakula anachomnunulia mtoto bado inatafuta mtetezi.

Najua pingamizi. Ataulizwa mtu: mbona chai ya Kibiti ina sukari tele, na kashata je, na visheti? Ni kweli, na madaktari wana haki ya kutukemea. Lakini anayetia sukari katika chai yake ameshika kijiko mwenyewe. Anajua ametia mara ngapi, na kesho anaweza kupunguza. Anayekula kashata hadanganywi kwamba ni dawa. Bibi wa Nyamisati alinyimwa kile kijiko. Yeye alikusudia kununua afya.

Pingamizi la pili ni kwamba tuwaelimishe wananchi, nao watachagua vema. Elimu ni jambo jema, nami naishi kwayo. Lakini elimu gani itamnywesha mtoto maji yenye chumvi? Katika vijiji vya delta, bahari huingia mtoni na visimani. Kinywaji cha chupa kinakuwa mbadala wa maji, si anasa. Na ugonjwa wa kisukari ukimfika mtu huko, insulini inahitaji ubaridi wa kuihifadhia, na safari ya kwenda kliniki inangoja maji yajae. Kwa mkazi wa mjini kisukari ni maradhi mazito. Kwa mkazi wa delta ni maradhi mazito pamoja na nauli ya boti kila mwezi.

Hatuanzi gizani. Tuna Taasisi ya Chakula na Lishe tangu mwaka 1973, na tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwa Shirika la Viwango. Chile ilianza mwaka 2016 kuweka alama nyeusi mbele ya vifungashio vya vyakula vyenye sukari nyingi, na Meksiko ikafuata mwaka 2020. Afrika Kusini, tangu Aprili 2018, inatoza ushuru kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100 za kinywaji, hivyo mwenye kiwanda anayepunguza sukari anapunguza pia ushuru wake.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, onyo la sukari liwe mbele ya kifungashio, kwa Kiswahili, kwa alama ambayo hata asiyesoma ataitambua. Pili, chakula chenye kustahili onyo hilo kisiruhusiwe kubeba moyo, tone la asali wala neno "afya". Tatu, fedha za ushuru wa vinywaji vitamu zielekezwe kwenye maji salama, zikianzia kule ambako maji ya chumvi yanawalazimisha watu kununua chupa.

Kibiti inavuna korosho, na delta inavuna mpunga, nazi na asali ya nyuki wa mikokoni. Mjukuu yule alizaliwa katikati ya vyakula ambavyo viwanda huvichora kwenye makaratasi. Maji yalipojaa tulipanda boti moja. Kabla ya safari kuisha alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake, na ile chupa, ikiwa tupu, ilikuwa ikiviringika miguuni petu.