Rangi hizi zilinunuliwa

Kila Oktoba barabara ya Kancamagus, jimboni New Hampshire, Marekani, hujaa magari ya watu wenye kamera. Inapanda milima kutoka Lincoln hadi Conway, kilomita 55 hivi bila kituo hata kimoja cha mafuta. Mimi naishi Manchester, kusini ya hapo, na siikosi safari hiyo. Napenda siku ya mawingu, mvua ikiwa imetoka kunyesha: hakuna jua la kuchoma picha, na wekundu wa miti ya mepo (maple) hukolea mpaka mtu akadhani umepakwa.

Nikituma picha nyumbani Lushoto, kwenye milima ya Usambara, Tanzania, mama mdogo hujibu: wenzetu Mungu kawajalia. Kuhusu Mungu sibishani naye. Ila misitu hii walishaimaliza.

Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni za mbao ziliifyeka miteremko hii na kuingiza reli hadi mabondeni. Matawi yaliyoachwa yakakauka, cheche za garimoshi zikayawasha. Mwaka 1903 moto ulikuwa mkubwa mno. Udongo ukaporomokea mitoni, na wenye viwanda vya nguo hapa Manchester, waliotegemea mto Merrimack, wakaanza kulalamika. Vyama vya akina mama navyo vikapaza sauti. Mwaka 1911 Rais Taft akatia saini Sheria ya Weeks, iliyoiruhusu serikali kununua ardhi ya watu binafsi ili kulinda vyanzo vya mito. Msitu wa Taifa wa White Mountain ukatangazwa 1918.

Pale Lincoln Woods, ukivuka daraja la kuning'inia, njia ya miguu inafuata tuta la reli ile ya magogo; mataruma kadhaa bado yamo ardhini. Watu huyaruka wakikimbilia majani. Inaniuma. Picha ya majani matupu humfanya mtu wa Usambara aamini kwamba kuna nchi za misitu na nchi za visiki, naye kaangukia za visiki. Mierezi ya Shume, hukohuko Usambara, ilikatwa vilevile tangu enzi za Mjerumani, mbao zikateremshwa kwa waya hadi Mkumbara, chini ya milima. Sisi tunaotuma picha nyumbani tunapaswa kutuma na mataruma.

Mama mdogo nimemtumia. Akauliza nani alilipa. Nikamjibu: hazina ya serikali, kipande baada ya kipande, na wengi wa wauzaji walikuwa kampuni zilezile za mbao.