Usiniambie Simu Inatosha

Wadau, kuna sentensi moja nimeichoka: "Siyo kamera, ni jicho la mpiga picha." Nimeisikia kantini, nimeisikia hosteli, hata kwenye semina za ujasiriamali. Na mara nyingi anayeisema ana kamera nzuri inaning'inia shingoni.

Mimi nipo mwaka wa pili, napiga picha za matukio ya hapa chuoni kwa simu. Mchana mambo yanakwenda. Shida inaanza jua likizama. Mahafali yaliyopita, mama mmoja aliyesafiri kwa basi kutoka Tabora alimshika binti yake mashavu kwa mikono miwili, huku anacheka na kulia. Nilibonyeza mara tatu. Zote zikatoka chenga. Mama akaniuliza, "Imetoka vizuri, mwanangu?" Nilikosa jibu. Jicho nilikuwa nalo. Mwanga ndio haukuwepo.

Wiki hiyo hiyo boom likaingia. Kwa 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, siku 60 ni laki sita. Na Kariakoo nilikuwa nimeonyeshwa Canon 600D iliyotumika, pamoja na lenzi yake ya kawaida, kwa laki sita. Hesabu ilijipa yenyewe! Nikapanda daladala. Njiani rumu meti wangu akapiga simu: "Kaka, utakula lenzi?" Nikashuka Magomeni, nikarudi.

Sijutii. Boom ni mkopo wa kula, na tutaulipa. Lakini sikubaliani na wanaosema hamu yangu ni anasa. Mwenzetu wa uhandisi akitaka kikokotoo cha maana, hakuna anayemwambia ahesabu kwa vidole.

Baada ya kurudi nikaanza kusoma kuhusu vifaa, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kupanda daladala. Ile lenzi inayouzwa pamoja na kamera za bei nafuu, ukivuta kitu karibu, hufunguka mpaka f/5.6 tu. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Yaani ningelala njaa miezi miwili, na usiku bado ningehangaika na chenga zile zile. Kamera ya zamani yenye lenzi sahihi ingenifaa zaidi ya kamera mpya yenye lenzi isiyo na mwanga. Hili hakuna aliyeniambia, kwa sababu wengine walikuwa wananiambia simu inatosha, na wengine wananiambia ninunue ya bei mbaya.

Hoja yangu ni hii: serikali yetu ya wanafunzi inunue kamera moja iliyotumika na lenzi moja ya f/1.8. Mwanafunzi aazime kwa siku mbili, kitambulisho kibaki ofisini, akiharibu alipe kidogo kidogo. Kila klabu hapa ina matukio, na kila muhula tunatafuta mtu wa kutupigia picha kwa hela.

Najua mtasema viongozi wataigeuza yao. Inawezekana. Ndiyo maana daftari la kuazima libandikwe mlangoni, kila mtu aone iko kwa nani. Mipira na spika tunatumia kwa pamoja, na mara nyingi zinarudi.

Wakati tunasubiri, nimeanza kibubu. Kina 85,000. Lenzi niliyoulizia ni laki mbili na nusu, na kamera nitaazima kwa jamaa mmoja wa mwaka wa nne. Safari hii chakula sijakigusa.

Yule binti ana mdogo wake mwaka wa tatu hapa hapa. Mama atakuja tena kwa basi. Nataka siku hiyo akiniuliza, nimwonyeshe.