Uchawi wa kudumu ulipiwe kodi, si bei ya mara moja

Jumamosi moja tulikuwa watano sebuleni, chai na chapati mezani, dadu zikigongana, mara rafiki yetu anayecheza kasisi akafunga kitabu chake. Akasema, "Mimi nalipa, nyinyi mnavaa." Akachukua begi, akaenda kutafuta matatu. Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana.

Kwa wale hawajui, tunacheza Dungeons & Dragons. Kila mtu ana mhusika wake, mmoja wetu ni msimamizi anayesimulia ulimwengu wenyewe, na dadu ndizo huamua kama upanga umeingia au umekosa. Wakati huo tulitumia sheria za toleo la 3.5, la mwaka 2003, kwa sababu kitabu cha mtumba tulichopata kilikuwa hicho. Hatukuwa na doo ya kuchagua.

Sasa sikiliza shida. Kwa sheria hizo, ukitaka kutengeneza kifaa cha uchawi kinachodumu, unatoa nusu ya bei yake kwa dhahabu, halafu unatoa pointi zako za uzoefu, moja kwa kila vipande 25 vya bei. Pointi hizo ndizo humpandisha mhusika levo. Kasisi wetu alitengeneza majoho manne ya kinga, lake likiwemo. Kila joho ni la 4,000, kwa hivyo 2,000 za dhahabu na pointi 160. Dhahabu tulichanga sote. Pointi 640 zilitoka kwake peke yake, na 480 kati yazo zilikuwa za migongo yetu. Sisi tukapanda levo ya saba. Yeye akabaki ya sita, akitutibu majeraha.

Ni kweli sheria hizo humpa aliye nyuma pointi zaidi kidogo ili awafikie wenzake. Lakini ukiwa mezani huhisi hesabu ya miezi sita ijayo. Unahisi leo.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: uchawi usioisha unafaa kugharimu nini? Si swali dogo. Uchawi wa dakika kumi ukiwa rahisi, haina noma, utaisha. Wa milele ukiwa rahisi, baada ya mwaka mchezo umeharibika. Ukiwa ghali kupindukia, hakuna atakayeugusa, na basi kuandikwa kwake kitabuni ni kazi bure.

Waliounda michezo hii wamehangaika nalo miaka mingi. Kwa kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, mchawi akifanya uchawi wake udumu, anapoteza pointi moja ya siha. Haimrudii hivi hivi. Hiyo ni bei ya kuogofya, na nani atamwaga siha yake ili aone gizani? Pathfinder ya mwaka 2009 ikafuta malipo ya pointi za uzoefu, ikaleta vumbi la almasi la maelfu ya dhahabu. Afueni, lakini dhahabu hurudi. Ukiua joka moja mfuko umejaa tena, na uchawi uko pale pale.

Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, lina mfano unaonichekesha. Kuna mwali usiozimika, gharama yake vumbi la rubi la dhahabu 50. Mwenge wa kawaida ni kipande kimoja cha shaba na unawaka saa moja. Dhahabu 50 ni shaba 5,000, yaani mienge ya saa 5,000, kama siku 208 usiku na mchana. Baada ya hapo mwanga ni wa bure, labda mtu aje kuuvunja kwa uchawi. Kwa nini basi mji wowote wenye mchawi na meya mwenye akili uwe na giza? Hakuna tokeni, hakuna bili. Ndiyo maana nasema bei ya mara moja kwa kitu cha milele ni bei ya uongo.

Toleo hilo hilo lina njia nyingine: duara la kusafiria, ambalo ukilichora mahali pale pale kila siku kwa mwaka mzima, linadumu. Kila mchoro ni dhahabu 50, jumla 18,250. Kwenye karatasi ni mateso. Mezani, msimamizi anasema "mwaka umepita," mtu anaongeza chai, tunaendelea. Muda unauma tu kama kuna adui anayekaribia.

Msimamo wangu ni huu. Bei ya uchawi wa kudumu ipite mitihani miwili. Kwanza, anayefaidika ndiye alipe. Pili, bei iishi muda ule ule uchawi unaishi. Kama kodi ya nyumba: unakaa, unalipa, ukihama, umeachiliwa.

Na jibu nusu tayari liko. Toleo la tano linasema mhusika hawezi kujifunga na vifaa zaidi ya vitatu vinavyohitaji kufungamana naye. Ukitaka cha nne, achilia kimoja. Anayevaa ndiye anayebanwa, na anabanwa kila siku anayovaa. Safi kabisa. Lakini sheria hiyo haigusi mwali wala duara.

Mimi ningeipanua. Uchawi wowote wa kudumu ushikiliwe na mtu. Mchawi akiushikilia, nafasi moja ya uchawi wake wa kila siku inafungwa mpaka auachilie. Asipotaka, mwenzake yeyote anaweza kuubeba kwa kupunguza pointi zake za uhai. Akiuachilia, uchawi unazimika, nguvu zinarudi.

Najua kuna wasee watasema hizo ni hesabu nyingi, watu wamekuja kucheza, si kufanya kazi ya uhasibu. Lakini ni alama moja ya penseli kwenye karatasi. Wengine watasema msimamizi mwerevu atamleta tu adui wa kuvunja uchawi uliozidi. Huo naona ni uonevu. Afadhali bei niijue kabla sijanunua kuliko kunyang'anywa baadaye kwa sababu nilifurahi sana.

Labda jambo hili linanigusa kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwenda na hairudi, hilo nimelizoea. Kisichonitoka ni kwamba aliyelipa ni mamangu na aliyeamua kuondoka ni mimi. Hakuwahi kusema kitu. Kasisi wetu naye alinyamaza kwa majoho matatu kabla ya kusema. Watu wanaolipia wengine mara nyingi hawasemi, na meza inadhani mambo ni sawa.

Jumamosi ya tatu nilimpigia simu nikamwomba msamaha, si kwa niaba ya kitabu, kwa niaba yetu. Akarudi. Tukaijaribu sheria hii mpya. Tulipofika kwenye pango lenye giza, akauliza nani atabeba mwali. Kimya. Kila mtu akaangalia karatasi yake. Mwishowe mpiganaji wetu, yule anayependa kujigamba kwa pointi zake za uhai, akachukua kifutio, akapunguza tano.

Mwali ukawaka, na kwa mara ya kwanza sote tulijua nani anaulipia.